Namba Tatu Aliyeuliza Juu ni Wapi

Mwalimu Omweri aliniomba niandike "kitu kidogo" kuhusu miaka yangu ya kufundisha mpira, akaninunulia na kalamu kabisa, kana kwamba mwalimu wa Kiswahili anaweza kustaafu bila hata kalamu moja nyumbani. Basi naandika. Ninyi mliobaki na filimbi ndio ninaowaandikia. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha, maana hayo hata ninyi mnayajua kuliko mimi. Nitasema ya uwanjani.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya wasichana kule Nyamira, nilichelewa mkutano wa walimu. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa tope tupu. Nilipoingia na viatu mkononi, majukumu yalikuwa yameshagawanywa: kuna aliyepata maktaba, kuna aliyepata chama cha uanahabari, na mimi nikaambiwa nimebakishiwa michezo. Kila mtu alicheka. Sikujua kuotea ni nini. Nilidhani kipa anaruhusiwa kudaka popote anapojisikia, mradi awe na glavu.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Onsongo, mzee wa Tabaka aliyekuwa akifundisha kilimo na ambaye alikuwa amebakisha muda mfupi astaafu. Alikuwa mfupi, mpole, na hakuwa na haraka na kitu chochote isipokuwa chai ya saa nne. Nyumbani kwao walikuwa wachongaji wa mawe ya sabuni, yale mawe laini ya Tabaka, na alikuwa na sanduku la vinyago vilivyoharibika kabla ya kuuzwa: ndovu asiye na mkonga, twiga wa shingo fupi, kifaru aliyepasuka. Hao ndio waliokuwa wachezaji wake. Aliwapanga juu ya meza ya ofisi, akanifundisha mpira wote kwa hao wanyama. Ndovu alikuwa kipa. Namba tatu, yaani beki wa kushoto, alikuwa kiboko mwenye sikio moja.

"Madam," aliniambia, "ukimpa mtoto nafasi mpya, kwanza mtembeze. Usimkimbize. Nafasi ni kama shamba la mtu mwingine, lazima ajue mpaka uko wapi."

Alipostaafu aliniachia sanduku lote. Nilihama nalo shule hadi shule. Kuna mwalimu mkuu mmoja aliyewahi kulifungua akitafuta chaki, akaniuliza kama nafanya biashara ya watalii.

Vifaa vingine vilikuwa vya kujitengenezea. Koni zetu zilikuwa mitungi ya mafuta ya kupikia tuliyoikata nusu. Mistari ya uwanja tulichora kwa majivu ya jikoni, na mpishi alituwekea kwa moyo safi, ingawa siku ya mvua mistari iliondoka kabla ya refa kufika. Nawaomba mtunze pampu na sindano yake. Mpira uliojaa nusu unamfundisha mtoto mambo ambayo utakuja kuyaondoa kwa jasho.

Baadaye nililetwa huku Kisii, shule yetu hii ya kutwa upande wa Birongo, na hapo ndipo nilipokutana na uwanja ule. Mnaujua. Kwa wasioujua, niseme tu kwamba aliyeukata alikuwa na mlima na hakuwa na tingatinga. Una goli la juu na goli la chini. Ukisimama goli la chini, kipa wa goli la juu unamwona viatu kwanza. Nyuma ya goli la chini kuna shamba la majani chai, na mpira ukiingia mle, wasichana wanaingia kuutafuta wakiwa wameinua mikono juu wasivunje matawi, maana mwenye chai hana mzaha.

Kwa sababu ya chai hiyo, sisi mazoezini tulishambulia goli la juu peke yake. Mpira ukipigwa nje kule, unateremka wenyewe kurudi kwetu. Na siku ya mechi, kapteni wetu akishinda kura, alichagua kushambulia juu kipindi cha kwanza, ili kipindi cha pili, miguu ikiwa imechoka, tushambulie tukiteremka. Hiyo ilikuwa desturi ya shule kabla sijafika, na niliikuta ina akili. Naomba muikumbuke, kwa sababu ndiyo iliyotaka kunipotezea mchezaji.

Mchezaji huyo ni Kerubo.

Alipokuja kidato cha kwanza alikuwa mdogo wa mwili, mkimya, na alipenda kusimama mbele ya mpira. Simaanishi kuucheza. Namaanisha kusimama mbele yake upigwe umgonge. Nikamweka namba tano, katikati ya ulinzi, na mwaka mzima neno tulilomwambia lilikuwa moja: "Kaa!" Naye alikaa. Hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, Kerubo alikuwa amekaa mahali pake, mikono kiunoni, akilinda nyasi.

Mwaka uliofuata akaja Bosibori, ambaye nilipomwona akiinama kuingia darasani nilijua namba tano nimepata. Alipiga vichwa mipira ambayo Kerubo aliiona kwa mbali tu. Wakati huohuo namba tatu wetu alikuwa amemaliza kidato cha nne. Kerubo alikuwa na mguu wa kushoto mzuri, na sikutaka kumpoteza. Nikamwambia atakuwa namba tatu. Aliitikia, "Sawa Madam," kwa sauti ya mtu anayeambiwa ahame nyumba aliyozaliwa.

Wiki hiyohiyo mama yake akaja shuleni. Mama Kerubo ni mfanyabiashara wa ndizi, na siku ambazo hayuko sokoni yuko kwenye chai yake. Alikaa kwenye kiti cha ofisi bila kuegemea, kikapu mapajani.

"Mwarimu, mimi sina maneno mengi," alisema. "Kerubo anapenda huo mpira, nami sijakataa. Lakini mimi niko peke yangu na chai na ndizi. Kama anacheza, acheze. Kama ni kukaa tu kwa benchi akiangalia wenzake, arudi inka mapema anisaidie. Inka kuna kazi."

Inka ni nyumbani kwa Kiekegusii, na kila sentensi yake ilirudi hapo.

"Nipe muda, Mama Kerubo. Anajifunza nafasi mpya."

"Nakupa mpaka shule ifungwe. Akiwa bado ni wa benchi, huo mpira umeisha."

Sikumlaumu. Nimeona mashamba ya chai yanavyokuwa yasipochumwa, na nimeona mgongo wa mwanamke anayechuma peke yake. Ila nilijua kitu kimoja ambacho yeye hakukiona: yule msichana mkimya alikuwa akiongea uwanjani tu. Huko ndiko alikokuwa akicheka. Sikuwa tayari kuona hilo likiisha.

Basi nikaanza kama nilivyofundishwa. Nikamketisha Kerubo mbele ya vinyago, nikamkabidhi kiboko. Namba tatu wa siku hizi hakai. Timu ikipata mpira, anakimbia pembeni mpaka mbele kabisa na kupiga krosi. Timu ikipoteza mpira, anakimbia kurudi kulinda. Kazi yake ni kwenda na kurudi. Kerubo alielewa haraka. Nikisogeza twiga wa upande mwingine, yeye anasogeza kiboko mahali hasa panapotakiwa. Tukahamia uwanjani tukatembea pembeni mwa uwanja, mimi na yeye, bila mpira, kwenda na kurudi, mpaka wapishi wakaanza kuuliza tumepoteza nini. Kisha tukakimbia. Kisha nikampa mpira. Mazoezini alikuwa safi. Nikipiga kelele "Panda!" anapanda. Nikisema "Shuka!" anashuka. Maneno ndiyo hayo ya makocha wote, nami niliyakuta.

Ikaja mechi ya kwanza, nyumbani. Kipindi cha kwanza Kerubo alicheza mpaka Omweri, ambaye alikuwa msaidizi wangu na hasifu mtu bure, akanigusa bega. "Madam, huyu ameshika." Nami nikajiona mwalimu kweli.

Kipindi cha pili msichana akaharibika. Tukipata mpira, namwita, "Kerubo, panda!" Anageuka anakimbia kwa kipa wetu. Tukipoteza mpira, napiga kelele, "Shuka! Shuka!" Anakimbia mbele kwa nguvu zake zote, anawapita wapinzani wanaokuja, anaacha upande wa kushoto wazi kabisa. Tulifungwa mabao ambayo sitaki kuyahesabu hapa.

"Hana pumzi," alisema Omweri. "Kipindi cha pili damu haifiki kichwani."

Nikaona ana hoja. Tukampa mazoezi ya pumzi: barabara ya kwenda juu sokoni, anakimbia na kurudi. Alikimbia bila kulalamika, na nikawa na hakika mapafu yake yangetosha watu wawili. Mechi iliyofuata, tena nyumbani, hali ikawa ileile. Kipindi cha kwanza malaika, kipindi cha pili mtu aliyefungwa kitambaa machoni.

Wenzake wakampa jina. Wakamwita Rivasi, kama gari linalorudi nyuma. Nilikataza, lakini ninyi mnajua jina likikatazwa linavyonoga. Kerubo akarudi kwenye ukimya wake, na safari hii hata uwanjani. Jioni moja alikuja ofisini, akaweka njumu zake mezani kwangu, juu ya insha za kidato cha tatu.

"Madam, mpatie Gesare," alisema, akimtaja msichana wetu wa akiba.

"Kwa nini?"

"Mimi si wa namba tatu. Mama anasema nikiwa wa benchi nirudi, basi nirudi tu."

Nilitaka kumkumbatia, lakini nimekuwa mwalimu muda mrefu na najua mtoto akikumbatiwa wakati huo analia, na akilia anaona amekwisha kuamua.

"Kerubo, hizo njumu zinanuka. Toa juu ya insha za watu. Kesho uje nazo zikiwa safi."

Aliziondoa. Alipofika mlangoni nilimwona anafuta macho kwa mkono wa sweta.

Omweri alikuwa anasahihisha pembeni. Ni kijana mzuri, na naandika haya akijua nitayaandika. Siku hiyo aliniambia, "Madam, unamtesa na unatutesa. Kuna watoto hawahami nafasi. Tumpange Gesare, tusonge mbele."

"Juu ya meza anajua kila kitu," nikasema.

"Mechi haichezwi juu ya meza."

Nikamwomba mechi moja tu zaidi.

Mechi hiyo ilikuwa ugenini, katika shule moja upande wa Nyamira iliyokuwa imesawazishiwa uwanja kwa trekta. Wasichana wetu waliposhuka kwenye gari walisimama wakaushangaa. Uwanja ulikuwa umelala kama meza. Bosibori aliweka mpira chini, akangoja aone utaenda wapi, na mpira haukuenda popote. Walicheka sana.

Mechi ikaanza, na Kerubo hakuharibika kipindi cha pili. Aliharibika mara moja. Nikisema panda, anasimama, anageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeshushwa na boda boda kwenye njia panda asiyoijua. Nikisema shuka, vivyo hivyo. Aliganda kama nguzo mpaka mapumziko, na tulipokwenda kunywa maji hakuja na wenzake. Alikaa peke yake kwenye nyasi.

Nikamfuata nikaketi karibu naye. Sikusema kitu. Hiyo nayo ni kazi, walimu wenzangu, na haimo katika mitaala: kukaa chini na mtoto, magoti yakiwa yanakuuma, bila kumwuliza swali. Alikuwa anang'oa nyasi moja moja.

Hatimaye akasema, bila kuniangalia, "Madam, kwani hapa juu ni wapi?"

"Juu gani?"

"Si unaniambia nipande. Napanda wapi? Hapa hakuna juu."

Nilicheka. Nisameheni, nilicheka mpaka refa akageuka. Halafu kicheko kikanikatikia katikati, kwa maana niliuona uwanja wetu wote mbele ya macho yangu, goli la juu na goli la chini. Kipindi cha kwanza tunashambulia juu: kupanda ni kupanda. Kipindi cha pili tunashambulia kuelekea kwenye chai. Nikimwambia Kerubo apande, anapanda. Anapanda mlima, anarudi kwa kipa wetu. Nikimwambia ashuke, anashuka mpaka kwa adui. Msichana hakuwahi kukosea hata mara moja. Alinitii kuliko mchezaji yeyote niliyewahi kuwa naye.

Wale wengine walikuwa wameyazoea maneno hayo ya mpira tangu shule ya msingi. Kerubo alikuwa namba tano aliyeambiwa akae tu. Naye ametoka kwenye boma ambamo jikoni ni juu, kisima ni chini, chai iko juu, ndizi ziko chini, na mtoto akiambiwa "panda" anajua anaambiwa aende wapi bila kuinua macho. Milima hii yetu ndiyo imemfundisha lugha. Na mimi hapo, mwalimu wa Kiswahili! Neno "panda" nimelifundisha darasani tangu nianze kazi: panda mbegu, panda mti, panda ya manati, tunga sentensi uonyeshe maana tofauti. Nimesahihisha hizo sentensi kwa magunia.

"Kerubo," nikamwambia, "ulipoona unakimbilia kwa kipa wetu, hukujiuliza?"

"Nilijiuliza."

"Sasa?"

"Nikasema Madam anajua."

Nilimkumbatia hapohapo, na hakulia. Mimi ndiye niliyejipangusa machozi.

Tukiwa garini kurudi nilitafuta neno lingine. Lilipaswa kuwa neno ambalo haligeuki pale timu zinapobadilishana magoli, na haliangalii mlima. Tukampita mama mmoja amebeba mkungu wa ndizi kichwani, anakwenda sokoni, na nikawa nimelipata. Kesho yake niliwakusanya wote.

"Kuanzia leo goli letu linaitwa nyumbani," nikawaambia. "Goli lao linaitwa sokoni. Tukipata mpira, namba tatu anapeleka mzigo sokoni. Tukipoteza, anarudi nyumbani. Na mtu akienda sokoni, lazima mwingine abaki nyumbani, kwa hivyo namba sita, wewe unasogea kuziba. Hakuna mama anayeacha mlango wazi."

"Madam, tutachekwa," alisema Omweri.

"Tumeshachekwa."

Tukaanza upya, na tukaanza kwa kutembea. Safari hii tulishambulia goli la chini pia mazoezini, na tukamwomba radhi mwenye chai mapema. Nilidhani shida imekwisha, lakini hakuna nafasi mpya inayojifunzwa kwa neno moja. Sasa Kerubo alikuwa anajua aende wapi, ila akirudi nyumbani alikuwa anakimbia huku ameangalia nyuma, anautazama mpira, na anayekimbia ameangalia nyuma hafiki. Nilimwambia, "Ukirudi nyumbani, kimbia. Usigeuke. Ukishafika kwenye boksi ndipo ugeuke uone nani anakuja." Ni rahisi kusema. Kuuacha mpira mgongoni mwako, ukiwa umezoea mwaka mzima kuutazama, ni kazi ya imani. Kila jioni alijaribu, na kila jioni shingo ilimgeuka. Ijumaa tulifunga mazoezi mapema ili Wasabato wawahi makwao kabla jua halijatua, na hata hapo alikuwa anakimbia njiani, mkoba mgongoni, anajifunza kutogeuka. Wenzake ndio walioniambia. Jina la Rivasi likafa lenyewe, sijui siku gani.

Mechi ya mwisho kabla ya shule kufungwa ilikuwa nyumbani, na mshindi ndiye angeendelea hadi mashindano ya kaunti. Nilimweka Kerubo namba tatu. Nilipokuwa napuliza filimbi ya kupasha misuli, nikamwona Mama Kerubo anaingia langoni na kikapu chake. Hakukaa na wazazi wengine. Alienda kusimama peke yake karibu na goli la juu, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kukagua mzigo kabla ya kuulipia. Nilimsalimia. Akaitikia, akasema, "Nimekuja nione kama ni benchi."

Kipindi cha kwanza nilipiga kelele "Sokoni!" na "Nyumbani!" mpaka mashabiki wa wageni wakauliza kama sisi ni timu au ni chama cha akina mama. Kerubo alikwenda na kurudi. Mara mbili aligeuka, nikamezea. Karibu na mapumziko alipeleka mzigo mpaka mwisho wa uwanja, akapiga krosi kwa ule mguu wake wa kushoto, na Bosibori, aliyekuwa amepanda bila ruhusa yangu, akaweka kichwa. Bao. Kule juu Mama Kerubo hakupiga makofi. Alihamisha tu kikapu mkono mwingine.

Kipindi cha pili nyumbani kukawa juu, sokoni kukawa kwenye chai. Nilikuwa nimeshika filimbi kwa nguvu mpaka vidole vinauma. Wageni walitubana, nasi tukashikilia. Zikiwa zimebaki dakika chache, tukapata mpira na Kerubo akaondoka nao, akateremka pembeni, akafika sokoni. Krosi yake ikazuiwa. Mpira ukapigwa mrefu kurudi upande wetu, na winga wao, msichana mwembamba mwenye mbio ambaye nilikuwa nimemwogopa tangu asubuhi, akaufuata akiwa peke yake. Namba sita wangu alikuwa ameteleza, yuko chini. Nyumbani mlango ulikuwa wazi.

Nikafungua mdomo kupiga kelele na sauti haikutoka. Ilikuwa imekwisha. Nilitoa kitu kama mlango mbovu unavyolia, na hata Omweri aliyekuwa kando yangu hakunisikia.

Ndipo nikasikia kutoka juu, nyuma ya goli letu, sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mlima hadi mlima.

"Kerubo! Inka! Inka, bwango!"

Haraka, nyumbani. Kikapu kilikuwa chini na mikono iko hewani. Na Kerubo akageuka, akaliacha soko mgongoni, akakimbia. Alikimbia kupanda mlima ule, kichwa mbele, hakuangalia nyuma hata mara moja. Mama yake aliendelea kuita, inka, inka, na sisi wote tukawa tunaita, na msichana akampita winga kwa upande wa ndani bila kumtazama. Alifika kwenye boksi. Hapo akageuka. Mpira ulikuwa unatoka mguuni mwa yule winga, na Kerubo akafanya kile alichokifanya tangu kidato cha kwanza: akasimama mbele yake, ukamgonga tumboni, ukatoka nje.

Mpira uliteremka polepole peke yake uwanja mzima, ukaingia kwenye chai, na hakuna aliyekwenda kuutafuta mpaka refa alipopuliza.

Baada ya shangwe Mama Kerubo alinijia. Kikapu chake kilikuwa kimerudi mkononi na uso wake pia ulikuwa umerudi mahali pake.

"Mwarimu, nilisikia unaita nyumbani, nyumbani. Nikaona sauti imeisha. Nikakusaidia."

"Ulinisaidia sana, mama."

"Kwa hivyo hapo kwa kipa ndiyo inka?"

"Ndiyo hapo."

Alipatazama kidogo, zile nguzo mbili na wavu uliotoboka. "Basi wacha acheze," alisema. "Mtoto anayejua kurudi, simkatazi kwenda." Akatembea hatua kadhaa, akageuka. "Lakini jioni bado kuna ile inka ingine. Umwambie."

Kaunti hatukufika mbali, kama mnavyokumbuka. Kerubo amecheza namba tatu mpaka mwaka huu, kidato cha nne. Mwezi uliopita nilimkuta mazoezini na msichana mgeni anayejifunza kucheza pembeni, wanatembea bila mpira, kwenda na kurudi, na Kerubo anaongea muda wote. Sijawahi kufundisha kitu kilichonifurahisha kuliko hicho.

Siku yangu ya mwisho nilimwachia Omweri sanduku la vinyago, filimbi, pampu na sindano. Kiboko wa sikio moja nilikuwa nimemtoa, na Omweri asimtafute. Yuko kwa mwenyewe.

Kerubo alinibebea mkoba mpaka langoni. Uwanja ulikuwa nyuma yetu, na wasichana walikuwa wanapiga kelele, sokoni, nyumbani. Nilikuwa nimejikaza tangu asubuhi, kwenye hotuba na kwenye keki.

"Madam," akaniuliza, "sasa wewe unaenda sokoni ama nyumbani?"

"Nyumbani, Kerubo."

Akanipa mkoba wangu.

"Basi kimbia," alisema. "Usigeuke."

Niligeuka.